Gari la Damu ya Mzee

Nyumbani, tarehe 2 Desemba

Dada,

Mama ameamua. Kuanzia leo ni barua, simu basi. Anasema tukipigiana simu lazima mmoja amkatie mwenzake kabla salamu hazijaisha, na yeye amechoka kuwa refa. Kwa hiyo konda wa basi la asubuhi atakuachia hii getini kiwandani, na jibu mpe yeye yeye. Usimpe maneno ya mdomo, yule ni domokaya.

Mama hajambo. Mimi sijambo, ila nina vumbi mpaka kwenye meno. Nalipaka rangi gari la mzee.

Unajua lilivyokuwa. Tangu afariki limekaa pale uani chini ya turubai, turubai likachanika, jua likaunguza upande mmoja, kutu ikala upande wa pili. Sasa mwalimu mkuu wa ile chekechea ya njia ya juu ameniambia nikitaka kazi ya kubeba watoto wake shule zikifunguliwa, nimletee gari lenye sura ya kubebea watoto. Hilo lililopo, anasema, watoto watalia wakiliona. Nikiipata kazi hiyo nabaki nyumbani na mama. Nisipoipata nakwenda kule mbali kwenye gereji ya rafiki yangu, na mama anabaki na kuku wake. Hakuna njia ya tatu.

Mafundi wa gereji za hapa ukiwatajia kupiga rangi gari zima wanakuangalia kama umeulizia bei ya uwanja wa ndege. Kwa hiyo napiga mwenyewe, hapa hapa uani. Kutu nimeikwangua kwa brashi ya waya, mashimo nimeyaziba kwa puti, sasa napiga msasa kwa maji na sabuni mpaka kucha zimeisha. Mashine ya kupulizia sina, nitatumia rola ya sponji na brashi. Kila jirani amegeuka fundi. Mmoja ananiambia nipake jua likiwa kali ikauke upesi, mwingine ananiambia nikithubutu itaota vipele. Wa tatu amekuja na kiti chake, amekaa, anaangalia tu. Huyo ndiye mwenye akili.

Kinachonichoma roho ni Baba mdogo. Jana alikuja akasimama mikono nyuma, akaniuliza nani kanipa ruhusa ya kuchezea mali ya kaka yake. Nikamwambia hili ni gari la nyumbani na linarudi kazini. Akasema gari lina wenyewe, na kwamba anasema kwa niaba yako. Mimi nilianza kuitwa Spana kabla sijajua kufunga kamba za viatu, kwa sababu mzee alikuwa chini ya gari hilo na mimi ndiye niliyekuwa nampa spana. Leo naambiwa lina wenyewe. Tunajua sote anachozunguka kusema: mimi mzee alinikuta kwa mama, na wewe mama alikukuta kwa mzee. Sasa anataka kulifanya hilo kuwa habari mpya.

Dada, nataka neno lako, siyo lake. Niandikie kwa mkono wako hili gari ni la nani, nijue kama naendelea au naacha.

Halafu kama huko kuna vipande vya pamba mnavyotupa, nitumie vya kufutia vumbi. Muuza rangi ana nyeupe iliyobaki kwenye madebe, anaitoa kwa bei ya kutupa, kwa hiyo nadhani itakuwa nyeupe.

Mdogo wako,
Spana


Kiwandani, tarehe 4 Desemba

Spana,

Naandika wakati wa mapumziko, nimekaa juu ya marobota, na msimamizi ananiangalia kama nimeiba sindano. Salamu ndefu sina.

Baba mdogo amenipigia simu kazini wiki nzima hii. Msimamizi amenisema mbele ya chumba kizima, eti mambo ya kwetu niyaache getini. Kwa hasira nimeshona mikono ya sweta nje ndani, ikabidi nifumue yote. Wewe na Baba mdogo mtanifukuzisha kazi na gari lenu hilo.

Sasa nisikilize, nasema mara moja tu. Lile ni gari la damu ya mzee, na libaki hivyo hivyo. Mtaa mzima unalijua hivyo, mzee aliliacha hivyo, na mimi nikija likizo nataka nilikute hivyo. Mengine uliyoniuliza ni upuuzi, sina muda wa kuyajibu.

Vipande vya pamba nimempa konda, viko kwenye mfuko. Mwambie mama dawa ya goti nitaituma na basi la kesho.

Dada


Nyumbani, tarehe 6 Desemba

Dada,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Mama sikumwonyesha. Nilimkuta anagombana na kuku wake, anacheka peke yake, nikaona nimwache na furaha yake.

Nimekuelewa. Nilikuuliza swali, umenijibu. Baba mdogo huzunguka mbuyu, wewe umekwenda moja kwa moja, na sikutegemea ungekuwa mkavu namna hiyo. Hata pole hukuweka.

Basi na mimi niseme langu. Siku tunamzika mzee, Baba mdogo alisimama kusoma wasifu wa marehemu, akasema ameacha mjane na mtoto mmoja. Mmoja. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimelitua jeneza, bega bado linauma. Nikakuangalia wewe. Wewe ukaangalia viatu vyako. Nikajiambia, Dada ana msiba, hakusikia. Mwaka mzima nimekutetea moyoni mwangu kwa sababu hiyo. Kumbe ulisikia, na ulikubali.

Nani alimwogesha mzee alipokuwa hawezi kuinuka? Nani alilisukuma gari lile betri ilipokufa, mzee yumo ndani anaona aibu, ananiambia sukuma mwanangu, sukuma? Mwanangu, ndivyo alivyosema. Maisha yake yote hakuwahi kuniita kitu kingine. Kumbe mdomo wa mzee haukutosha, ilibidi apatikane mtu wa kupima.

Basi nimelipaka. Nimechukua ile rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka tangi la maji na geti, nimeikoroga na tina iwe nyepesi, nikaingia na rola. Sikufunika vioo kwa magazeti. Sikungoja upepo utulie. Upande wote wa kulia, boneti na nusu ya paa ni kijani ya tangi. Imetiririka mpaka kwenye matairi, na kuku mmoja alipita akaacha manyoya kwenye mlango. Nimeacha pale rangi ilipoisha. Lichukueni hivyo hivyo, wenye nalo.

Mimi nakwenda gereji kwa rafiki yangu. Jumamosi ya wiki ijayo naondoka, na mama naondoka naye. Yule ni wangu. Kwa huyo hakuna wa kuniambia ana wenyewe.

Spana


Kiwandani, tarehe 8 Desemba

Wewe Spana, una wazimu au umelewa tina?

Nimeandika nini mimi? Nimekuandikia mistari michache juu ya marobota, wewe umenijibu kwa mazishi. Baba mdogo amekulisha maneno gani? Na kijani! Gari la baba yangu, aliyekuwa analifuta kila Jumapili kwa fulana yake mwenyewe, gari ambalo mtu alikuwa haruhusiwi hata kuliegemea, wewe umelipaka rangi ya tangi na manyoya ya kuku juu. Baba mdogo amenipigia kunieleza. Nilidhani anaongeza chumvi. Kumbe alipunguza.

Halafu unanitishia na mama. Mama aliyenifundisha kushika sindano, leo ninakula kwa mikono hiyo, unataka kumpeleka akalale kwenye gereji juu ya matairi na goti lile, kisa umenuna. Mama ni wako peke yako tangu lini?

Kuhusu mazishi, nilikuwa nazika baba. Ulitaka nisimame kaburini nimsahihishe Baba mdogo, tugeuke kichekesho cha mtaa?

Na kwa kuwa unataka sana kujua nani ni nani, haya, tuseme. Ulikuja kwetu umeshika sketi ya mama, mfuko mmoja wa nguo na kamasi mpaka mdomoni. Baba yangu ndiye aliyekupa jina lake. Akakupa kitanda, na kitanda chenyewe kilikuwa changu, mimi nikahamia kwenye mkeka. Mimi alinizaa, wewe alikulea. Ni vitu viwili tofauti. Ulijua na mimi nilijua, nikanyamaza kwa heshima ya watu wote. Sasa malipo yake ni gari lake kupakwa rangi ya geti. Shukrani ya punda ni mateke, wakubwa hawakukosea.

Binti wa mwenye gari


Nyumbani, tarehe 10 Desemba

Dada,

Asante. Sasa umeninyooshea.

Barua yako ya kwanza uliandika hivi, nanakili bila kuongeza nukta: "Lile ni gari la damu ya mzee, na libaki hivyo hivyo." Pamoja na hasira zangu zote, kuna sehemu moyoni ilikuwa inaniambia labda nimesoma vibaya, labda Dada alikuwa na haraka. Hiyo sehemu umeifunga mdomo. Damu ni wewe, mimi ni wa kulelewa.

Kitanda chako kipo, nimekitandika. Funguo za gari ziko juu ya kabati. Jumamosi iko pale pale.

Wa kulelewa


Kiwandani, tarehe 11 Desemba

Spana,

Damu ya mzee ni rangi.

Rangi, Spana. Nyekundu iliyoiva mpaka inakaribia weusi, ile ya sweta za shule. Nyinyi watu wa magari nasikia mnaiita maruni. Huku kwetu hakuna maruni. Kuna nyuzi za damu ya mzee, rafu nzima imejaa, nazishona kutwa mpaka naziota. Ndiyo rangi ya lile gari kabla jua halijalila. Wewe uliniandikia unataka kulipaka nyeupe, mimi nikakujibu libaki damu ya mzee. Ulitaka niandikeje? Lile swali lako la gari la nani nililiruka kwa sababu niliona la kijinga. Gari liko nyumbani, unalihudumia wewe, unaliendesha wewe, unamuuliza nani? Mtu haulizi kama mkono wake ni wake.

Umeharibu gari zima kwa sababu ya jina la uzi. Nimewasimulia wenzangu hapa, wamecheka mpaka wakashika mashine wasianguke. Mimi sikucheka. Nina hasira za kuchana kitambaa. Kwa nini hukuuliza? Kwa nini kitu cha kwanza kilichokujia kichwani ni kwamba mimi nimekukana?

Kwangua hiyo kijani, na habari za Jumamosi ziache. Yameisha hayo.

Dada


Nyumbani, tarehe 13 Desemba

Dada,

Nimeelewa, ni rangi. Nilipoisoma nilitoka nje nikaliangalia gari, nikajitukana kwa sauti mpaka yule jirani wa kiti akaondoka na kiti chake. Neno lenyewe nalijua tangu shuleni, sweta nilivaa. Kwa hilo kosa ni langu. Kijani nitaikwangua kabla sijaondoka.

Lakini hayajaisha. Barua yako ya kwanza ilikuwa rangi. Ya pili haikuwa rangi. Sketi ya mama, mfuko mmoja, kamasi, kitanda: hiyo ni rangi gani, Dada? Inaitwaje huko kiwandani, na iko rafu ya ngapi?

Unaniuliza kwa nini nilifikiri umenikana. Mbona ulinikana? Siku chache tu baadaye, kwa mwandiko mzuri, bila kufuta hata neno moja. Mtu hatungi maneno kama yale kwa mapumziko ya kazini. Ulikuwa nayo tayari, yamekunjwa, yananukia sanduku. Ulikuwa unangoja siku ya kuyavaa. Mimi nilikosea neno, sikukosea mtu.

Naondoka Jumamosi. Mama nimemwambia leo, na barua zote nimempa akasoma, zako na nakala za zangu. Amevaa miwani, amesoma mpaka mwisho, kisha amekwenda kwa jirani kuomba karatasi.

Spana


Nyumbani, tarehe 14 Desemba

Kwa wanangu wawili,

Hii nimeiandika mara mbili, neno kwa neno. Moja inakwenda na basi, moja naisukuma chini ya mlango wa huyu aliyejifungia ndani. Kila mtu aisome kwenye pembe yake.

Nimesoma upuuzi wenu wote. Niliwaambia mwandikiane kwa sababu nilidhani mtu akishika kalamu hufikiri. Nilikosea. Kwenye simu angalau mlikuwa mnakatiana kabla hamjamaliza.

Wewe Spana. Umeandika kwamba mimi ni wako na unaondoka na mimi. Nani kakwambia mimi ni mfuko wa nguo? Umeniuliza? Siondoki. Hapa ndipo nilipoletwa na hapa ndipo nitakapotolewa. Nenda kalale juu ya matairi peke yako, blanketi nitakupa.

Na wewe Dada. Umesema mwenzio alikuja ameshika sketi. Ni kweli, na ndani ya sketi nilikuwemo mimi. Tulikuja pamoja, na ule mfuko mmoja ulikuwa wa watu wawili. Kama yeye aliokotwa, basi na mimi niliokotwa. Sasa nieleze, wewe unayepima damu, maana mimi sina hata tone la kwako. Ile mvua niliyokubeba mgongoni mpaka zahanati, una homa, unaongea maneno yasiyoeleweka, nilikuwa nimembeba nani? Mtoto wa mwenye nyumba? Uliniita mama njia nzima. Nami niliitika. Mlikuwa mnanidanganya wewe na homa yako?

Kama damu ndiyo hesabu, tupige basi hiyo hesabu. Spana hana baba. Wewe huna mama. Mimi nina mtoto mmoja, na mzee alilala miaka yote hiyo na mwanamke asiyehusiana naye. Mmemaliza nyumba nzima kwa kalamu ya wino mmoja.

Siku niliyoingia hapa nilimwambia mzee, nitamlea wako sawa na wangu. Nilidhani nimesema neno zuri. Akanikaripia. Alisema nikirudia tena kusema wako na wangu ndani ya nyumba hii, atanirudisha nilikotoka. Maisha yetu yote ndiyo mara moja tu aliyonitishia. Leo hayupo, nami natishia kwa niaba yake. Atakayelirudia neno lile, wa tumbo langu au wa mgongo wangu, asije hata kunizika.

Wakubwa walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Baba yenu mdogo jembe hana. Kazi yake ni kupita hapo nje asubuhi na jioni kutazama mmefikia wapi. Nimechoka kumwona.

Mimi msinijibu. Jibizaneni wenyewe, na safari hii mtumie vichwa.

Mama yenu


Kiwandani, tarehe 15 Desemba

Spana,

Barua ya mama nimeisomea chooni, mlango nimeufunga kwa komeo. Nimelia mpaka msimamizi akaja kugonga, nikamwambia aende zake. Sijawahi kumjibu hivyo.

Sitakudanganya kwamba sikumaanisha. Umesema yalikuwa yamekunjwa tayari, na ni kweli, ila kinyongo cha kitanda ni uongo wangu. Kile kitanda wala sikukipenda, kilikuwa na kunguni. Kabla hamjaja nilikuwa namwomba mzee nimshikie vifaa. Alikuwa ananiambia toka hapo, utachafua gauni. Halafu ukaja wewe, hata jina langu hujalijua, siku ya pili nikakukuta umelala kifudifudi kwenye vumbi unampa spana, na yeye anacheka huko chini. Hajawahi kucheka hivyo na mimi. Wewe unalijua gari lile ndani na nje. Mimi nalijua rangi tu. Ndiyo maana niling'ang'ania rangi, na ndiyo maana uliponiandikia kijani nilitaka kukuumiza. Nilitafuta mahali panapouma zaidi na nilipajua.

Leo nimemwandikia Baba mdogo. Nimempa konda huyo huyo, na nimemwambia njiani akitaka kuisoma aisome, hata kwa sauti. Nimeandika hivi: "Baba mdogo, shikamoo. Siku ya mazishi ulisoma kwamba marehemu ameacha mtoto mmoja. Ameacha wawili. Nilisikia nikanyamaza, na kunyamaza kwangu usikufanye ushahidi. Gari analo mwanawe. Ukiwa na neno, njoo uniambie mimi, na usinipigie kazini."

Usiondoke, Spana. Sisemi kwa ajili ya mama, mama atatuzika sote. Nasema kwa ajili yangu. Ukiondoka, Baba mdogo atakuwa alisoma sawasawa.

Dada yako


Nyumbani, tarehe 17 Desemba

Dada,

Konda alinikuta stendi jana. Nilikuwa nimesimama na mfuko begani, nasubiri basi la kunipeleka huko. Mama hakunisindikiza, alinipa blanketi tu kama alivyoahidi, akaingia ndani akafunga mlango.

Konda alipaza sauti kutoka mlangoni mwa basi lake. Barua yangu akanipa mkononi, ya Baba mdogo akaifungua na kuanza kuisoma mbele ya abiria, kwa sauti ya kuitia watu garini. Umempa ruhusa, ameitumia yote. Alipofika pale pa ameacha wawili, mama mmoja mwenye kikapu akauliza, "Sasa huyo wa pili ni nani?"

Nikamwambia, "Ni mimi."

Ni hivyo tu, kwa watu nisiowajua, katikati ya makelele. Dada, mwaka mzima nilikuwa nangoja mtu mwingine aliseme hilo neno, sikujua kwamba na mimi nilikuwa sijawahi kulisema. Nikakaa juu ya mfuko wangu pale chini. Basi langu likaja, likajaa, likaondoka. Yule mama akaniachia chungwa.

Kijani imetoka yote. Leo nimepiga msasa tangu alfajiri, nimepaka praima, ile rangi ya chini, na magazeti safari hii nimeyabandika kila kioo. Mwalimu mkuu nimemwambia gari litakuwa tayari shule zikifunguliwa. Kata kipande cha uzi wako umpe konda, nikamwonyeshe muuza rangi, maana sitaki tena kubahatisha. Na ukija likizo njoo na nguo mbovu. Utaingia chini ya gari na mimi nitakuonyesha kila kitu, hata ile nati ambayo mzee aliifunga kwa kiraka cha ndara na kuapa kwamba haitavuja.

Ila usidhani nimekusamehe. Sijakusamehe. Kila nilipovuta msasa nilikuwa nakutukana, na lile la mfuko mmoja bado limenikaa kooni, wala sioni likishuka karibuni. Nimejaribu kulidharau nimeshindwa. Baba mdogo ameniambia mabaya kuliko hayo, usoni kwangu, nami nikaendelea na kazi yangu na chakula nikala. Wewe umeniandikia karatasi moja, nikaacha kula, nikaharibu gari, nikafunga mizigo nihame nchi. Mtu baki huwezi kumkasirikia namna hii.

Mdogo wako,
Spana